Crohn na kolaitisi ya vidonda: kuutunza utumbo na kuibana bima hadi ilipe

Mkaguzi wa bima aliyekataa kulipia dawa yako hajakuona ukiamka usiku mara nne kukimbilia choo. Ameona karatasi tatu: fomu iliyojazwa haraka haraka, makadirio ya bei, na barua ya daktari yenye mistari miwili. Kwa karatasi hizo hata mtu mwenye huruma angeandika "ushahidi hautoshi". Ndiyo maana hapa tunayashika pamoja mambo mawili ambayo watu huyatenganisha, yaani kuishi na ugonjwa na kudai gharama zake. Daftari linalomsaidia daktari kupanga dozi ndilo hilo hilo litakaloibeba rufaa yako.

Ugonjwa wa Crohn huweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, na hula ukuta wa utumbo kwa kina. Kwa sababu hiyo huleta mibano (utumbo kusinyaa na kuwa mwembamba), majipu na fistula, yaani njia isiyo ya kawaida inayotoboka kutoka utumbo hadi ngozi au kiungo kingine. Kolaitisi ya vidonda hukaa kwenye utumbo mpana tu: huanzia kwenye puru (sehemu yake ya mwisho) na kupanda juu bila kuruka sehemu, ikichubua utando wa ndani. Magonjwa yote mawili huamka na kulala. Lengo la matibabu ni kuulaza ugonjwa na kuuacha umelala miaka mingi, si kuzima moto kila unapowaka.

Daftari la kila siku

Nunua daftari dogo litakaloingia mfukoni, au tumia simu, lakini andika kila siku, hata siku nzuri. Siku nzuri ndizo zinazoonyesha dawa inafanya kazi. Mstari mmoja unatosha, kwa mfano huu:

"Tarehe 14. Choo mchana 7, usiku 2. Damu mara 4. Aina ya 6. Maumivu 5 kati ya 10. Kilo 58.4. Homa hakuna. Mesalazini gramu 4 nimemeza. Sikwenda kazini."

Mesalazini ni dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo. Aina ya choo ni ile ya kipimo cha Bristol: aina ya 1 ni vigololi vigumu, aina ya 4 ni laini na imeshikana, aina ya 7 ni maji matupu. Uzito pima mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, kwenye mizani ile ile. Choo cha usiku kitenge na cha mchana daima. Utumbo wenye usumbufu bila vidonda mara chache humwamsha mtu usingizini, kwa hiyo safari za usiku zina uzito mkubwa mbele ya daktari na mbele ya mkaguzi wa bima. Andika pia dozi ulizokosa na sababu yake. Ukizificha, daktari atadhani dawa imeshindwa kumbe haikupewa nafasi.

Mwishoni mwa mwezi hesabu: siku ngapi zenye damu, siku ngapi za kukosa kazi au masomo, kilo ngapi zimepungua. Takwimu hizo tatu zikae kwenye ukurasa wa kwanza wa faili lako.

Vipimo, na namba zake

Kalprotektini ya kinyesi ni kipimo chenye faida kubwa kwa mgonjwa wa nje, kwa kuwa hupima uvimbe wa utumbo wenyewe. Chini ya 50 kwa gramu, hesabu ikiwa ni mikrogramu, huhesabiwa kawaida. Juu ya 250 kwa kawaida ugonjwa umeamka. Katikati ya hapo rudia baada ya wiki chache. Chukua choo cha kwanza cha asubuhi na ukifikishe maabara mapema. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki huweza kuipandisha namba, na zaidi ya hapo zinaweza kuuamsha ugonjwa wenyewe, hivyo kwa maumivu ya kawaida muulize daktari kuhusu parasetamoli.

Kipimo cha damu cha CRP, kinachoonyesha uvimbe mwilini, husaidia pia, ila wapo wagonjwa ambao CRP yao hubaki chini ilhali utumbo umejaa vidonda. Ukiwa mmoja wao, hilo liandikwe wazi kwenye faili, la sivyo siku moja mtu atakuandikia kwamba "damu haionyeshi ugonjwa".

Upungufu wa damu hupimwa kwa hemoglobini na feritini, ambayo huonyesha akiba ya madini ya chuma. Hapa kuna mtego: uvimbe huipandisha feritini, kwa hiyo ugonjwa ukiwa macho, feritini chini ya 100 bado inaweza kumaanisha madini ya chuma hayatoshi, wakati ukiwa umelala mpaka ni 30. Kama sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba imeshikwa au imekatwa, vitamini B12 ipimwe kila mwaka, kwa sababu hapo ndipo inapofyonzwa.

Kila ugonjwa unapoamka, choo kipimwe vijidudu kwanza, kikiwemo Clostridioides difficile. Maambukizi hujifanya kama ugonjwa umeamka, na ukiongeza dawa za kushusha kinga juu yake unajiumiza. Na panapopatikana kifua kikuu kwa wingi, daktari lazima afikirie kifua kikuu cha utumbo kabla ya kutaja Crohn. Kwa kamera magonjwa haya mawili hufanana mno, lakini steroidi zikipewa mwenye kifua kikuu huachia bakteria nafasi ya kusambaa.

Dawa na makosa yanayorudiwa

Prednisoloni, ambayo ni steroidi, huanza kwa kawaida miligramu 40 kwa siku, kisha hushushwa kidogo kidogo, mara nyingi miligramu 5 kila wiki, hadi kumaliza katika wiki 8 hivi. Ni dawa ya kuzima, haiwezi kuulinda utumbo mwaka mzima, na ikikaa mwilini hula mifupa na kupandisha sukari. Usiiache ghafla: tezi za mwili zinazotengeneza homoni inayofanana nayo zimelala, na kuacha ghafla huleta kizunguzungu, kutapika, hata kuzimia. Shika hili: ukihitaji duru mbili za steroidi ndani ya mwaka mmoja, au ugonjwa ukirudi kila dozi inaposhushwa, basi dawa yako ya kudumu haitoshi. Ni sababu ya kitabibu ya kupanda ngazi, nayo ni hoja nzito katika rufaa.

Mesalazini hufaa zaidi kolaitisi ya vidonda. Wengi hushindwa kwa sababu wanameza vidonge peke yake huku vidonda viko chini kabisa. Kidonge cha kuweka njia ya haja kubwa, gramu 1 usiku, hutibu puru. Dawa ya maji ya kuingizwa hufika upande wote wa kushoto wa utumbo mpana. Nenda choo kwanza, lala ubavu wa kushoto, ingiza, kisha baki umelala nusu saa. Ikitoka mara ile ile siku za mwanzo usikate tamaa, puru lenye vidonda halina uvumilivu. Baada ya wiki moja au mbili huwa linashika.

Azathioprini, dawa ya kushusha kinga, huchukua miezi mitatu au zaidi kuonyesha kazi yake. Wiki za mwanzo damu hupimwa mara kwa mara, baadaye kila miezi mitatu, kwa sababu inaweza kushusha chembe nyeupe na kuudhi ini. Ukiwa unaitumia, homa si jambo la kusubiri kesho.

Kisha kuna dawa za kibiolojia, zinazotengenezwa kwa chembe hai, ambazo ndizo chanzo cha vita vingi na bima. Infliksimabu hupewa kwa dripu, miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, wiki ya 0, ya 2 na ya 6, halafu kila wiki 8. Adalimumabu ni sindano ya chini ya ngozi: kwa mtu mzima miligramu 160, baada ya wiki mbili 80, kisha 40 kila wiki mbili. Kabla ya kuanza unapimwa kifua kikuu kilichojificha, pamoja na picha ya kifua, na homa ya ini aina ya B. Chanjo zenye virusi hai hutolewa kabla, kwa sababu ukishaanza haziruhusiwi. Fanya vipimo hivi wakati kibali bado kinaombwa. Maombi mengi hukwama wiki nzima kwa kukosa karatasi moja ya kipimo cha kifua kikuu.

Sindano za adalimumabu hukaa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8, zisigusane na ukuta wenye barafu. Iliyoganda haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Itoe nusu saa kabla ya kudunga ili isiume sana, na badilisha sehemu: paja la kushoto, la kulia, tumbo mbali na kitovu.

Ugonjwa ukiamka

Maji huisha haraka. Kama huna pakiti ya dawa ya kurudisha maji na chumvi, pima lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa juu kwa kisu. Kunywa kidogo kidogo siku nzima. Chumvi ikizidi ni hatari, kwa hiyo usikadirie kwa macho.

Chakula usikikate kwa woga. Aliyeambiwa utumbo umebana apunguze maganda, mbegu na nyuzinyuzi ngumu, kwa kuwa hivyo ndivyo hukwama. Asiye na mbano hana sababu ya kujinyima mwaka mzima, na kupungua uzito humdhoofisha zaidi ya mlo wenyewe. Sigara iache kabisa kama una Crohn. Huufanya uwe mkali na hurudisha ugonjwa mapema baada ya upasuaji.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona choo chenye damu mara 6 au zaidi kwa siku pamoja na homa inayozidi nyuzi 37.8 au mapigo ya moyo yanayozidi 90 kwa dakika. Vivyo hivyo tumbo likijaa, unatapika na upepo hautoki, maana utumbo unaweza kuwa umeziba. Homa na uvimbe unaouma kando ya njia ya haja kubwa huashiria jipu, linalotakiwa kupasuliwa. Katika hali hizi usimeze dawa za kuzuia kuharisha: kwenye kolaitisi kali zinaweza kuufanya utumbo mpana uvimbe na kutanuka hadi kupasuka.

Kabla hujakataliwa: soma mkataba wa bima

Omba mkataba kamili, si kipeperushi, na utafute mambo haya kwa kalamu mkononi: magonjwa sugu yanagharamiwa vipi, kipindi cha kusubiri ni miezi mingapi, huduma zipi zinataka kibali cha awali, dawa gani ziko kwenye orodha yao, na kikomo cha mwaka ni kiasi gani. Kisha uliza kwa maandishi swali ambalo wengi hulisahau: dripu ya infliksimabu inahesabiwa kwenye fungu la wagonjwa wa kulazwa au la wagonjwa wa nje? Na sindano ya adalimumabu ninayodunga nyumbani je? Mafungu haya huwa na vikomo tofauti kabisa. Mgonjwa anaweza kumaliza fungu la nje kwa miezi michache huku fungu la kulazwa halijaguswa, na daktari akijua hilo mapema anaweza kuchagua njia ya kutoa dawa inayolingana.

Kwenye fomu ya kujiunga usiufiche ugonjwa. Uongo ule mdogo ndio unaoipa kampuni haki ya kufuta mkataba mzima siku dawa kubwa inapoombwa. Na kama bima yako inatoka kazini, usiandike barua ya kuacha kazi kabla hujapata jibu la maandishi kuhusu kipindi cha kusubiri cha bima mpya.

Barua ya daktari

Daktari ana dakika chache, kwa hiyo mpelekee muhtasari wa ukurasa mmoja aunakili. Mpangilio wake uwe huu: jina la ugonjwa na msimbo wake, tarehe ya kugunduliwa na kipimo kilichothibitisha (kwa mfano kolonoskopi, yaani kuangalia utumbo mpana kwa kamera), sehemu ya utumbo iliyoshikwa, kila dawa iliyotumika ikiwa na dozi, tarehe ya kuanza na kuacha na sababu ya kuacha, hali ya sasa kwa namba, dawa inayoombwa na ratiba yake, na mwisho kitakachotokea isipotolewa. Aya ya katikati isomeke hivi:

"Mgonjwa ametumia azathioprini miligramu 125 kwa siku kwa miezi 7. Katika kipindi hicho amehitaji prednisoloni mara mbili. Kolonoskopi ya mwezi uliopita inaonyesha vidonda virefu kwenye mwisho wa utumbo mwembamba. Kalprotektini ni 940. Amepungua kilo 6. Kuendelea na dawa iliyopo kunamweka kwenye hatari ya mbano na upasuaji."

Linganisha na "mgonjwa hajisikii vizuri kwa dawa za sasa". Barua ya kwanza inamlazimu mkaguzi ajibu namba kwa namba. Ya pili haimlazimu chochote.

Msimbo ukague mwenyewe. Kwenye ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, Crohn huanza na K50 na kolaitisi ya vidonda K51. Ziara za mwanzo kabla ya kolonoskopi mara nyingi huandikwa K52.9, yaani kolaitisi isiyotajwa aina, au K58, utumbo wenye usumbufu. Kompyuta ya bima ikikuta K58 kwenye faili na dawa ya kibiolojia kwenye ombi, inaweza kukataa bila mtu kusoma. Omba hospitali irekebishe msimbo na itoe barua ya masahihisho.

Umekataliwa

Usikubali jibu la simu. Dai barua inayotaja kifungu cha mkataba, sababu, na siku ya mwisho ya kukata rufaa. Siku hiyo iandike ukutani. Dai pia nakala ya faili lote walilolitumia kuamua, likiwemo jina la taaluma ya daktari aliyelipitia. Kila simu iandike: saa, jina la uliyeongea naye, alichoahidi. Kila barua peleka kwa njia inayorudisha muhuri wa kupokelewa.

Kisha jibu sababu yenyewe waliyoitoa. Hapa watu wengi hukosea: huandika kurasa nne za uchungu, wa haki kabisa, lakini hoja ya kampuni inabaki haijaguswa.

Wakisema hujajaribu dawa za bei nafuu kwanza, ambatanisha orodha ya dawa na tarehe, na kama kuna dawa usiyoweza kuitumia, daktari aandike kwa nini. Methotreksati, kwa mfano, haitolewi kwa mjamzito au anayepanga mimba. Kama tayari una fistula au vidonda virefu na vya kina, aeleze kwamba kupanda ngazi taratibu kunaacha madhara yasiyorudi nyuma.

Wakisema dawa ni ya majaribio au ya anasa, weka ushahidi wa usajili wake nchini kwako, na utaje kwamba adalimumabu imo kwenye Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2019.

Wakikataa dozi kuongezwa au kusogezwa karibu, pima kiwango cha dawa kwenye damu siku ya dozi, kabla hujadungwa, pamoja na kingamwili dhidi ya dawa hiyo. Kwa mwenye ugonjwa ulioamka, infliksimabu chini ya 5 au adalimumabu chini ya 7.5, kwa mikrogramu kwenye mililita, huonyesha mwili haupati dawa ya kutosha. Kama kingamwili ni nyingi, kuongeza dozi hakutasaidia na ombi sahihi ni kubadilisha dawa. Kipimo kimoja kinakuambia upiganie kipi.

Wakisema ugonjwa ulikuwapo kabla ya kujiunga, tarehe ya kolonoskopi ya kwanza na rekodi za kabla yake ndizo zitakazoamua.

Mwombe daktari wako azungumze moja kwa moja na daktari wa bima, na asisitize awe mtaalamu wa mfumo wa chakula. Mazungumzo ya dakika kumi kati ya wawili wanaoijua kolonoskopi yanaweza kumaliza jambo lililokaa mezani mwezi mzima. Dozi ikiwa imekaribia, rufaa iwe na maneno "ya haraka" juu kabisa pamoja na tarehe ya dozi. Rufaa ya ndani ikishindwa, nenda kwa mamlaka inayosimamia bima nchini kwako ukiwa na faili lile lile, kurasa zimepewa namba.

Wakati unasubiri

Usinyooshe muda wa infliksimabu kwa uamuzi wako ili "kubana matumizi". Dawa ikiisha mwilini na kurudi baada ya pengo refu, mwili huweza kuwa umeshatengeneza kingamwili, na dripu inayofuata ikaleta mzio au isifanye kazi tena. Hoja hii iandikwe kwenye rufaa pia: kukatiza matibabu kunaweza kuiua dawa hiyo kwako. Dozi nusu ina hasara hiyo hiyo. Mwombe daktari mpango wa muda ulioandikwa, na uliza kuhusu dawa mfanano, ambazo ni nakala za kibiolojia zilizoidhinishwa na kwa kawaida bei yake ni ya chini. Uliza pia kama mtengenezaji ana mpango wa msaada kwa wagonjwa, na umtafute afisa ustawi wa jamii wa hospitali.

Umekubaliwa

Angalia kibali kinaisha lini. Wiki 6 kabla ya hapo fanya kalprotektini mpya, chapa muhtasari wa daftari, na omba upya. Wakati huu hatari inabadilika sura: utakuwa na nguvu, kilo zimerudi, choo mara moja kwa siku, na mkaguzi anaweza kuandika kwamba umepona hivyo dawa haihitajiki. Weka namba mbili kando kwa kando kwenye mstari wa kwanza wa barua, kalprotektini 940 kabla ya dawa na 60 baada ya miezi 6 ya dawa, na daktari aandike chini yake kwamba nafuu hii inatokana na dawa na kwamba kuisimamisha kunaweza kuuamsha ugonjwa. Kwenye kalenda tia alama tatu kila mara: siku ya dozi, siku ya damu kupimwa, siku kibali kinapoisha.